Ngong, Longonot, Kilimambogo au Elephant Hill: ukichoka saa saba mchana, utafanya nini?

Januari ikiingia, makundi ya WhatsApp ya ofisini, ya kanisani na ya chama hugeuka ghafla kuwa vikundi vya wapanda milima. Mtu anaweka bango: Jumamosi tunaenda Longonot, au Ngong, au Elephant Hill, tuma pesa kwa namba hii kabla ya Alhamisi. Watu wanatuma. Wachache huuliza pale panatofautiana vipi na kwingine, na wakiuliza huambiwa kilomita tu: huku kumi na tatu, kule kumi na kitu, kwingine karibu ishirini. Hilo ni jibu la mtu wa gari.

Anayetembea kwa miguu anahitaji kujua jambo jingine kwanza. Akichoka saa saba mchana, jua likiwa utosini na goti likianza kuuma, atafanya nini? Atageuka arudi? Ataketi mahali awasubiri wenzake? Au hana budi kuendelea, kwa sababu alikotoka ni mbali kuliko anakokwenda? Njia nne zinazotajwa sana Nairobi kwa matembezi ya siku nzima zinajibu swali hilo kwa namna nne tofauti, na ndiyo maana mimi hulitanguliza mbele ya urefu, mbele ya nauli, hata mbele ya mandhari. Mandhari ni mazuri kote. Hilo halisaidii kuchagua.

Umbo la njia

Ngong ni mstari. Unaingia kwa lango la Shirika la Huduma za Misitu, KFS, juu ya mji wa Ngong, unafuata mgongo wa vilima kuelekea kusini, na unatokea Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, kilomita kumi na kitu baadaye. Hutarudi tena ulikotoka.

Longonot ina umbo la kikaango. Mpini wake ni kilomita 3.1 kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kreta. Duara lake ni mzunguko wa kilomita 7.2 juu ya ukingo huo. Kisha unateremka kwa mpini uleule. Ukijumlisha unapata kilomita 13 na kitu.

Kilimambogo, ambao kwenye ramani na kwenye bango la hifadhi ni Ol Donyo Sabuk, una barabara ya gari ya kilomita 9 hivi kutoka langoni hadi kileleni. Unaipanda, unaishuka.

Elephant Hill iko kwenye safu ya Nyandarua, ile ya Aberdare, na hupandwa kuanzia kituo cha msitu cha Njabini, Kinangop Kusini. Hii nayo ni ya kwenda na kurudi kwa njia ileile, ila tofauti yake na Kilimambogo ni kubwa kiasi kwamba kuziweka katika fungu moja ni kumdanganya mtu.

Ngong: maji ukiyavulia nguo

Naanza na Ngong kwa sababu ndiyo watu huichukulia kuwa rahisi. Iko karibu, kilomita zipatazo 25 kutoka katikati ya jiji. Matatu ya namba 111 inakufikisha mjini Ngong, na boda boda inakupandisha hadi langoni. Ukiwa Karen au Rongai unaviona vilima hivyo kila siku, na kitu unachokiona kila siku hukiogopi. Wenyeji wanahesabu vilima saba, na kile cha juu kabisa, Lamwia, kina mita 2,460. Kwa mtu ambaye Nairobi yake yenyewe iko juu ya mita 1,600, hiyo haisikiki kama mlima.

Mwanzo wake nao unakubaliana na dhana hiyo. Unapita kando ya mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen, ambayo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 na ambayo sasa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 25.5. Kuna familia zimetandika leso, kuna watoto, kuna vijana wanaopiga picha za harusi isiyokuwepo. Nyasi ni fupi na njia iko wazi. Upande wa kushoto unaona Nairobi yote hadi moshi wa Viwandani. Upande wa kulia ardhi inaporomoka kwenye Bonde la Ufa, kavu na ya rangi ya majani yaliyokauka, kwa sababu mvua inayokuja kutoka mashariki huishia upande wa pili wa mgongo. Siku ya anga safi unaiona Suswa, na mbali zaidi unauona ule mlima wa Longonot tunaoulinganisha hapa.

Kinachowachosha watu Ngong hakionekani ukiwa langoni. Vilima vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo kila unachopanda unakishuka chote kabla ya kuanza kinachofuata. Mlima wa kawaida unakuchosha mara moja kisha unakuruhusu. Hapa urefu uliopata unanyang'anywa kila baada ya nusu saa, na kilima cha nne kinaanzia karibu pale pale kilipoanzia cha tatu. Mteremko unaumiza magoti kuliko mwinuko, na yeyote aliyewahi kuumia goti atakuhakikishia hivyo. Kisha kuna upepo. Haukuwekwa mtambo pale kwa bahati: mgongo ule hauna kitu cha kuuzuia, na mtu aliyetoka nyumbani na fulana peke yake anaweza kutetemeka saa sita mchana huku uso ukiungua kwa jua.

Sasa lile swali. Ukichoka kwenye kilima cha pili, geuka, hakuna shida, langoni ni karibu. Ukichoka kwenye cha tano, uko katikati. Nyuma umeacha vilima vinne ambavyo sasa utavipanda kwa upande wao mwingine, na mbele kuna viwili au vitatu, kipande cha msitu mzito, halafu Kona Baridi. Hakuna barabara ya kukuchukua pale mgongoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Ngong ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayokulazimisha hivyo hasa.

Kwa hiyo mwandalizi akisema "tunaenda Ngong", muulize jambo moja: mnatokea Kona Baridi au mnarudi langoni? Ni safari mbili tofauti zenye jina moja. Makundi mengi hutembea vilima vitatu au vinne kisha hugeuka, na hilo ni tembezi zuri la nusu siku hata kwa mtoto wa miaka kumi. Kuvuka hadi mwisho ni kazi ya saa nne hadi sita kwa kundi lenye mchanganyiko, bila kuhesabu mapumziko ya wale wanaopenda kupumzika.

Na mkitokea Kona Baridi, mwulize pia mtarudije. Magari yanayopita pale ni machache. Kama kundi halikukodi basi la kuwasubiri upande wa pili, itabidi boda boda hadi Kiserian, kisha 126 kupitia Rongai, na jioni ya Jumamosi msongamano wa Rongai una tabia yake. Nimeona watu waliotembea vizuri siku nzima bila kulalamika wakinuna ndani ya matatu iliyosimama saa nzima.

Kuhusu usalama: miaka ya nyuma vilima hivi vilikuwa na jina baya kwa sababu ya wizi, hasa vile vya mbali na mitambo. Wikendi upande wa mitambo una watu wengi. Ukivuka hadi kusini, omba askari wa KFS langoni awasindikize. Ana faida nyingine: anajua njia ndani ya ule msitu wa mwisho, mahali ambapo vijia ni vingi na nyati pia wapo.

Longonot: unaamua ukiwa ukingoni

Longonot inakupa kitu ambacho Ngong haina, nacho ni mahali rasmi pa kuamua. Unapanda ule mpini wa kilomita tatu, mwanzoni taratibu kati ya vichaka vya leleshwa na pundamilia wasiokujali, halafu mwinuko unazidi kuwa mkali hadi pumzi inakuwa habari. Kisha ghafla ardhi inakwisha na kreta iko chini yako, msitu wa kijani umejaa ndani yake na kuta zimesimama pande zote. Hapo umeshaona Longonot. Aliyefika pale akanywa maji, akakaa kwenye jiwe na kurudi chini, hajapoteza chochote cha maana. Ningependa waandalizi waliseme hilo waziwazi tangu asubuhi, kwa sababu wapo wanaozunguka kwa aibu tu, na aibu si nguvu ya miguu.

Mzunguko wenyewe ni suala jingine. Kilele kinaitwa Kilele Ngamia, mita 2,776, na ukiwa ukingoni unakiona kikiwa kimejitenga na kuinuka, si mbali kwa macho. Njia ya kwenda huko ni ya majivu ya volkeno yaliyochimbwa na mvua hadi yakawa mifereji. Mahali pengine mfereji unakufika kiunoni, unatembea ukipishanisha miguu. Pengine utashika ardhi kwa mikono. Ukingo una sehemu nyembamba, kreta upande mmoja na bonde upande mwingine, na mwenye kizunguzungu cha vimo asidanganywe na picha za watu wanaocheka pale juu. Mlipuko wa mwisho unadhaniwa kuwa wa miaka ya 1860, na mpaka leo kuna sehemu za ukuta zinazotoa mvuke.

Ukishavuka nusu ya duara, Longonot inakuwa Ngong: mbele na nyuma ni sawa, endelea. Lakini tofauti na Ngong, uamuzi huo umeufanya ukiwa umesimama, umeshapima mwili wako kwa kilomita tatu za mwinuko, na saa unaiona. Mimi natumia kipimo hiki: kama kutoka langoni hadi ukingoni kumekuchukua zaidi ya saa moja na nusu, usizunguke. Kundi la kasi ya kawaida humaliza mzunguko kwa saa tatu hivi, na langoni wanataka muwe nje kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Adui wa Longonot ni jua na vumbi. Kivuli ni kidogo sana, maji mlimani hakuna hata tone. Lita mbili kwa mtu ni kiwango cha chini, tatu ni busara. Na usiyabebe kwenye chupa zile za plastiki za kutupa, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu ya taifa. Beba chupa yako ya kudumu. Sheria hiyo inahusu njia zote nne hapa, ila Longonot ndipo mtu asiyejua huathirika zaidi, maana akiacha chupa zake langoni anapanda bila maji.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Matatu za Naivasha zinazopita Mai Mahiu zitakushusha Longonot barabarani, na boda boda itakufikisha langoni. Mkiwa na gari lenu mtapita mteremko wa Bonde la Ufa, penye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, na wauzaji wa ngozi za kondoo wanaokuita kutoka kila kona. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti, na viwango vya raia, mkazi na mgeni ni tofauti. Viangalie siku ile ile unayolipa, usitegemee bango la mwaka jana.

Kilimambogo: gari linaweza kukufuata

Hapa sitakaa sana. Kilimambogo, mita 2,145, ndio mlima mfupi kuliko yote haya kwa kilele, na ndio pekee ambao gari hufika juu. Watu wa miguu wanaodharau njia za magari wanaudharau. Ni kweli kwamba barabara inachosha macho kabla haijachosha miguu: kona baada ya kona, msitu pande zote, na huoni mbali mpaka uwe juu. Ukifika juu unakuta minara ya mawasiliano.

Lakini rudi kwenye swali letu. Ukichoka saa saba mchana Kilimambogo, unapiga simu gari lije. Hakuna kati ya zile nyingine tatu inayoweza kusema hivyo. Familia yenye babu wa miaka sabini, shangazi mwenye goti bovu na vijana wasiotulia inaweza kufika kileleni yote, wengine kwa miguu na wengine kwa gari, wakala chakula pamoja pale juu. Kivuli ni kingi, jambo ambalo aliyetoka Longonot wiki iliyopita atalishukuru.

Njiani kuna kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa chini ya mlima huu na akafariki mwaka 1925. Ni yuleyule ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya McMillan pale katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931. Baada ya kushuka, maporomoko ya Fourteen Falls kwenye mto Athi yako karibu, ingawa mto huo hubeba uchafu wa jiji letu na huenda harufu ikakuharibia hamu ya samaki.

Nyati ni wengi. Usitembee bila askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, hata kama njia ni pana na unajiamini. Kwa usafiri wa umma ni matatu hadi Thika, kisha nyingine ya kuelekea Donyo Sabuk.

Elephant Hill: kugeuka kunaruhusiwa, ila uliza bunduki ziko ngapi

Elephant Hill ni ya daraja lingine kabisa. Kilele kinapita mita 3,500. Mwili wa binadamu huanza kulalamika kwa kukosa hewa ya kutosha kuanzia kama mita 2,500, kimo ambacho hapa ni karibu na mahali unapoanzia kutembea. Watu wanaojiandaa kwa Mlima Kenya, ambako Point Lenana ina mita 4,985, huitumia kama mtihani, na ni mtihani wa haki.

Unaanza kwa mashamba ya viazi na kabichi, kisha msitu wa miti ya kupandwa, kisha mianzi. Mianzi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko yote katika njia hizi nne: giza la kijani, ukimya, na ardhi laini chini ya miguu. Mvua ikinyesha, ardhi hiyo laini inakuwa matope ya kufika vifundoni na kupita, na raba zako za mazoezi zitakwisha heshima hapo. Mianzi ikiisha unatokea kwenye uwanda wa nyasi na vichaka, na hapo ndipo wapandaji wamepabatiza jina la Mahali pa Kukata Tamaa. Wamepaita sawasawa. Umepanda saa tatu au nne ukiamini umekaribia, unainua macho, na kilele kiko bado mbele, na mbele yake kuna kingine ulichodhani ni chenyewe.

Kwa nadharia, kugeuka ni rahisi, maana njia ya kurudi ndiyo ile uliyopandia na sehemu kubwa ni mteremko. Kwa vitendo kuna kikwazo kimoja ambacho mabango hayakitaji. Kuna ndovu na nyati kweli, kwa hiyo kundi husindikizwa na askari wa KFS mwenye bunduki. Kama askari ni mmoja na wewe umechoka, ama wote wanarudi, ama unaketi kusubiri peke yako mahali penye kinyesi kibichi cha ndovu, ama unajikokota hadi juu. Hakuna jibu zuri kati ya hayo matatu. Kundi linalozidi watu kumi liombe askari wawili tangu asubuhi, mmoja wa mbele na mmoja wa kurudi na watakaorudi. Gharama inayoongezeka ni ndogo ukilinganisha na ugomvi wa pale juu. Mwandalizi akikujibu kwamba "hakuna mtu huwa anarudi", tafuta mwandalizi mwingine.

Baridi isikushangaze. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Nairobi ikiwa na nyuzi 22, kileleni ni kama 10 au chini, na ukungu wa alasiri ukishuka pamoja na manyunyu, fulana iliyolowa jasho inakugeukia. Koti la mvua, sweta ya ziada kwenye mfuko usiopitisha maji, soksi kavu za kubadilisha ndani ya gari. Fimbo pia, na wenyeji wa Njabini wanaweza kukutafutia moja nzuri ya mwanzi.

Safari nzima huchukua saa saba hadi kumi. Hiyo ina maana mnatoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, mnapita barabara kuu ya Nakuru hadi Flyover, mnakata kwenda Njabini, na saa mbili asubuhi mnatembea. Kundi linaloanza saa nne halifiki, au linafika na kuteremka mianzi kwa tochi za simu. Jambo moja la kuwafariji wanaolalamikia mvua ya huko: bwawa la Sasumua liko jirani, na sehemu ya maji yanayotoka bombani kwako Nairobi yanaanzia kwenye milima hiyohiyo. Wakati wa kurudi, basi zima litasimama Soko Mjinga kununua viazi na karoti, hata wale walioapa hawawezi kuinua mguu.

Mwezi gani, wapi

Msimu hubadilisha mpangilio wote huu. Januari na Februari, kukiwa kukavu, Longonot ni tanuri ya vumbi kuanzia saa tano, wakati Elephant Hill iko katika hali yake bora kabisa na mlima Kenya unaonekana asubuhi. Masika yakiingia Machi hadi Mei, Elephant Hill naiachia wenye kupenda matope, na mifereji ya Longonot huteleza vibaya wakati wa kushuka. Kilimambogo hupitika, maana barabara ni barabara. Juni hadi Agosti, ile baridi ya Nairobi yenye mawingu ya chini, Ngong inaweza kufunikwa kabisa ukawa unatembea ndani ya maziwa bila kuona mtambo ulio hatua ishirini mbele. Longonot miezi hiyo ni ya kupendeza: mawingu yanafanya kazi ya kivuli ambacho mlima hauna.

Viatu havihitaji pesa nyingi. Raba zenye meno chini zinatosha Ngong na Kilimambogo. Longonot zinatosha pia, ila funga kamba vizuri kabla ya kushuka na ukate kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla, kwa sababu vidole vitagonga mbele kilomita tatu mfululizo. Elephant Hill inataka buti zinazoshika kifundo, au gumbuti kama wanavyovaa wenyeji, ambao hawajasoma mahali popote kuhusu viatu vya milimani na hawaanguki.

Ningekupeleka wapi

Kama hujatembea zaidi ya kutoka steji hadi nyumbani tangu mwaka uanze, usianze na yoyote kati ya hizi. Nenda Karura kwanza, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999. Una njia za kilomita zipatazo 50, na unaweza kutoka kwenye lango lililo karibu wakati wowote. Ukimaliza kilomita 12 humo na kesho yake ukashuka ngazi bila kushika ukuta, miguu yako iko tayari kwa Longonot hadi ukingoni, au kwa vilima vitatu vya Ngong na kurudi.

Mtu mwenye miguu mizuri anayetaka kutembea peke yake na mawazo yake, au na rafiki mmoja, ningempa Ngong hadi Kona Baridi bila kusita, akiwa na askari. Kwangu ndiyo njia tamu kuliko zote nne, kwa sababu unatoka mahali na kufika mahali. Lakini ni ile isiyosamehe, kwa hiyo si ya kumpeleka mgeni usiyejua nguvu zake, na hasa si ya kumpeleka bosi.

Familia ya vizazi vitatu, Kilimambogo, hata kama vijana watanuna kwamba hakuna picha njiani. Anayejiandaa kwa Mlima Kenya, Elephant Hill, na afanye hivyo wiki tatu au nne kabla, si Jumamosi inayotangulia safari. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aongee na daktari wake kabla ya Elephant Hill, asiongee na mwandalizi.

Na kama ni kundi la ofisi la watu ishirini na kitu, ambao huwajui miguu na wengine wamekuja kwa sababu meneja amekuja, chagueni Longonot. Pangeni mapema kwamba saa tano kamili wote wako ukingoni, wale wa kuzunguka wanaondoka na kiongozi mmoja, wale wa kubaki wanateremka na mwingine taratibu, na basi linawasubiri langoni likiwa na maji, ndizi na mahindi ya kuchoma kutoka Mai Mahiu. Majina ya wanaozunguka yaandikwe kabla hawajaondoka, na anayetaka kujiunga baada ya hapo akataliwe kwa upole.